Bi Ardith Kvamme na Bastola ya Wakia Ishirini na Tatu

Enyi mlio karibu na enyi mlio mbali, enyi wakuu wa majeshi na enyi wapishi wa majeshi, wekeni chini vijiko vyenu! Mlango ufungwe, mtoto anayelia apewe kitu cha kutafuna, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, kwani inakuja habari nzito, habari ya chuma na moyo, habari ya malkia aliyeshuka bondeni theluji ikimfika magotini, akaingia katika ghala la silaha, akawatazama mashujaa waliolala safu kwa safu wakimngoja, na kwa neno moja la kinywa chake akamchagua mmoja na kuwaacha wengine katika huzuni isiyo na mwisho.

Malkia huyo ni Bi Ardith Kvamme, mjane wa miaka sabini na moja, mkazi wa Tolliver, jimbo la Montana. Ghala la silaha ni duka la Lyle Brekke, ambalo huuza pia chakula cha mbwa. Na vita alivyokuwa akijiandaa kwenda kuvipigana ni vya kutoboa karatasi.

Nasikia mtu anacheka huko nyuma. Asicheke. Kila mtu ana ngome yake, na ngome ya Bi Ardith iko chini ya ukumbi wa wakulima, katika chumba kirefu chenye jiko la kuni upande mmoja na ukuta wa vyuma na mchanga upande wa pili. Humo, kila Alhamisi ya majira ya baridi, watu wa Tolliver husimama mstarini, mkono mmoja mfukoni, mkono wa pili umenyooka mbele kama tawi la msonobari, na kwa bastola za risasi ndogo, zile ziitwazo za ishirini na mbili, hutoboa duara jeusi lililochapwa kwenye karatasi. Mkono mmoja tu, ndugu zangu. Anayeongeza wa pili hutazamwa kama mtu aliyeingia kanisani amejifunga taulo. Wakimaliza hupanda juu kula mchuzi mzito wa nyama na maharage pamoja na mikate ya mdalasini yenye sukari juu, kwani huko vitu hivyo viwili huliwa katika sahani moja na hakuna anayeona la kueleza.

Na katika ukumbi huo, kwenye msumari kando ya jiko, kuna Upawa.

Ni upawa wa bati la buluu, wa kawaida tu, umebanduka rangi ukingoni. Lakini hakuna upanga uliowahi kuogopwa hivyo. Maana yule ambaye mkono wake umechoka, asiyeweza tena kuiinua bastola yake hadi mwisho wa mzunguko, hafukuzwi ligini. Watu wa Tolliver ni waungwana mno, hawawezi kumfukuza mtu. Hupigiwa makofi, akakabidhiwa Upawa mbele ya wote, na tangu usiku huo huwa mgawaji wa mchuzi hadi Mungu atakapomwita. Ni heshima kubwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuipokea bila kwenda nyuma ya gari lake kulia.

Bi Ardith, Simba Jike wa Mstari wa Tatu, Mtoboaji wa Duara, Mwenye Mkono Usiotikisika, alikuwa na desturi moja ya kuulinda mkono huo. Kila asubuhi, kahawa ikichemka jikoni, alichukua kopo kuukuu la kahawa alilolijaza maharage makavu, akalinyoosha mbele yake kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa mfukoni mwa aproni, akabaki hivyo hadi birika lianze kuguruma. Kopo lile lilikuwa na uzito sawasawa na bastola ya marehemu mumewe, Einar, bastola ya chuma kitupu ya wakia arobaini na mbili, yaani kilo moja na ziada, ambayo Bi Ardith amekuwa akiitumia tangu Einar alipofariki. Miaka yote hiyo kopo halikuwahi kumshinda.

Hata ilipofika likizo ya Krismasi, ligi ikalala kwa ajili ya sikukuu, na mjukuu wake Signe akarudi kutoka shule ya bweni. Historia inamtaja Signe kwa kifupi tu: binti wa miaka kumi na sita, mpole kama maziwa ya uvuguvugu, pambo la ukoo, asiyejua hila wala barabara ya kuifikia. Basi katika siku hizo hizo, kwa sababu ambazo wanazuoni hawajaafikiana, kopo likaanza kuwa zito.

"Bibi, unatetemeka," alisema Signe asubuhi moja, akiwa ameketi mbele ya mayai yake.

"Sitetemeki mimi. Nyumba ndiyo inatetemeka."

"Nyumba imetulia, Bibi."

"Basi wewe unatetemeka. Kula mayai."

Siku iliyofuata mkono ulishuka kabla birika halijaguruma. Siku iliyofuata hiyo ulishuka kabla hata maji hayajapata moto. Bi Ardith akaukunja na kuukunjua, akaupaka dawa ya misuli inayonuka mpaka barabarani, akaulaza juu ya mto kama mtoto mgonjwa. Asubuhi yake akalinyanyua kopo tena. Likamvuta kiwiko kama ndama anayerudi zizini. Akaliweka mezani taratibu. Akatazama dirishani, upande ilipo karakana ya Einar iliyofunikwa na theluji, akasema kwa sauti ya chini, akidhani hakuna anayesikia:

"Einar, naona wameshanioshea Upawa."

Signe alikuwa mlangoni. Inasemekana yai alilokuwa akitafuna lilikataa ghafla kumezeka. Kwa nini, mwandishi wa masimulizi haya hana la kusema kwa sasa.

Je, kwa nini Bi Ardith hakuitoa bastola yenyewe kabatini akaipima? Kwa sababu kushindwa na maharage ni siri ya jikoni, lakini kushindwa na bastola ya mume ni habari nyingine. Hakuthubutu. Kabati likabaki limefungwa, na hofu ikakaa ndani yake pamoja na bastola.

Kisha Jumapili, baada ya ibada, akiwa na kikombe cha kahawa ya kanisa mkononi, alifikiwa na Marvel Stordahl. Marvel ni rafiki yake tangu ujana, jirani yake mstarini, na adui yake wa kila Alhamisi.

"Shoga," alisema Marvel, "mbona kikombe unakishika kwa mikono miwili?"

"Kuna baridi."

"Aa, baridi." Marvel akachovya biskuti yake. "Ule Upawa nimeuona juzi. Mtu ameung'arisha. Sijui anajua nini."

"Marvel, Mungu anakusikia."

"Najua. Ndiyo maana nasema polepole."

Hapo ndipo malkia alipokata shauri. Kama mkono hauwezi tena chuma, mkono utafutiwe kitu chepesi! Siku hizi kuna bastola za alumini, hata za plastiki ngumu, nyepesi kama mkate, zilizotengenezwa kwa ajili ya mazoezi na mafunzo. Sheria ya ligi inadai risasi ndogo na mkono mmoja. Juu ya uzito haikusema neno. Na Alhamisi ligi ilikuwa ikifunguliwa.

Jumatatu asubuhi akajivika silaha za safari: buti za manyoya, koti la Einar la kulishia ng'ombe, kofia yenye masikio, na mkoba mweusi ambamo mlikuwa na peremende, miwani ya pili, na kifuko cha vile vipande vya plastiki vya njano vinavyopigiliwa ukutani ili vishike skrubu. Vipande hivyo mvikumbuke. Akapanda gari lake la mizigo, na yule binti mpole Signe kando yake, akiwa kimya kuliko kawaida. Gari likakataa kuwaka, likaombwa, likatukanwa kwa Kinorwe cha mababu, likawaka.

Walipofika dukani, gari la Marvel lilikuwa limeshaegeshwa mlangoni.

"Nimekuja kununua chakula cha mbwa," alisema Marvel kabla hajaulizwa.

"Huna mbwa."

"Nafikiria kupata."

Lyle Brekke alikuwa nyuma ya kaunta ya kioo, mtu mnene mwenye ndevu za rangi ya kutu, ambaye zamani Bi Ardith alimfundisha Biblia kila Jumapili na kumtoa nje mara nyingi. Redio juu ya rafu ilikuwa ikipiga muziki wa gitaa. Chini ya kioo walilala mashujaa, weusi kwa wa fedha, kila mmoja na kikaratasi chake shingoni.

"Karibu, Bi Ardith! Leo nikupe nini?"

"Bastola ndogo ya ishirini na mbili, Lyle. Nyepesi. Ya mazoezi." Akashusha sauti. "Nyepesi sana."

Marvel, ambaye alikuwa akijifanya kusoma gunia, aliacha kusoma gunia.

Lyle alikuwa na moyo mwema lakini si mwepesi wa kuelewa. Akainama, akatoa kibastola kifupi chenye kishikio cha rangi ya waridi. "Hii hapa. Akina mama wanaipenda sana."

Bi Ardith akakitazama kama mtu aliyeletewa chai yenye nzi. Ndipo akasimama wima, akanena, na maneno yake yakaandikwa:

"Lyle Brekke, mwana wa Norris, sikiliza. Nimezalisha ng'ombe katika tufani. Nimemzika mume katika ardhi iliyoganda, wachimbaji wakawasha moto kwanza ndipo jembe likaingia. Nilikufundisha wewe majina ya mitume kumi na wawili ukanitajia kumi na mmoja na farasi wa baba yako. Rudisha hiyo pipi mahali pake."

"Ndiyo, Bibi."

"Huyo farasi aliitwa nani?" aliuliza Marvel.

"Bartolomayo," alisema Lyle kwa unyonge. "Nilidhani ni yeye."

Akaja shujaa wa pili, bastola ya gurudumu, yenye vyumba vya risasi vinavyozunguka. Na hapa imbeni, enyi waimbaji, ile adabu ya kaunta, ambayo ni ya kale kuliko kaunta yenyewe! Lyle alifungua gurudumu, akatazama vyumba vyote, akamwonyesha Bi Ardith vyumba vyote, akamkabidhi ikiwa wazi. Bi Ardith naye, aliyekuwa ametoka kuviona, akavitazama tena kimoja kimoja, kana kwamba Lyle ni mwongo mashuhuri. Hakuna aliyeona ni tusi. Huko, kumwamini mtu kuhusu bastola ndiyo kumkosea.

Aliinyoosha kuelekea gunia la mchanga lililoegemezwa ukutani, ambalo Lyle alilibandika duara jeusi kwa ajili ya wateja. Akatikisa kichwa. "Kifyatulio chake kigumu. Kama kufungua dirisha la mwaka jana."

"Lete nijaribu," alisema Marvel, akaichukua. Naye alitazama vyumba, naye alilenga gunia. Kisha kidole chake, chenye miaka thelathini ya malezi mema, kwa tamaa ya kumwonyesha mwenzake jinsi dirisha linavyofunguliwa, kikajikunja.

"Marvel!"

Sauti ya Bi Ardith iliangusha kalenda. Kidole kikaganda.

Maana hapa ndipo penye siri ya ukoo wa risasi hizi ndogo. Risasi nyingine hugongwa katikati ya kitako. Hizi hugongwa ukingoni. Chumba kikiwa kitupu, kile kisumari cha kugongea hakipati risasi ya kugonga, huangukia ukingo wa chumba chenyewe, chuma juu ya chuma, na kuula kidogo kidogo, hata siku moja risasi inakwama na mwenye bastola analia. Kufyatua ya ishirini na mbili ikiwa tupu, tena ya dukani, tena bila kuomba, ni kama kumega mkate wa jirani ili kuona kama umeiva.

"Mungu wangu," alisema Marvel, akawa mwekundu hadi shingoni. "Lyle, samahani. Sijui nimeingiwa na nini."

Bi Ardith akafungua mkoba wake, akatoa vile vipande vya plastiki vya njano. Vinaingia katika chumba cha ishirini na mbili kana kwamba vilizaliwa humo, na vyenyewe ndivyo hupokea pigo badala ya chuma. Akavitia katika vyumba, kimoja kimoja, akamrudishia Marvel bastola. "Haya sasa. Fyatua hadi Pasaka."

Marvel alifyatua mara moja, kwa adabu. "Kweli kigumu," alikiri.

Kisha Lyle akaweka juu ya kaunta shujaa mwembamba, mweusi, mwenye mwili wa alumini na mtutu mwembamba uliovishwa koti jepesi. Akatoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akavuta mtambo wa juu nyuma, akatazama, akaonyesha.

"Wakia ishirini na tatu," alisema. "Karibu nusu ya ile ya Mzee Einar. Ila nikwambie ukweli, Bi Ardith: bastola nyepesi haimchoshi mtu, lakini humsengenya. Ile nzito hutulia yenyewe. Hii, ukitetemeka kidogo, karatasi itajua."

"Hata huo mtambo wake unavutika," alisema Bi Ardith kwa mshangao, akiuvuta kwa vidole vyake viwili vilivyovimba maungo. Ule wa Einar alikuwa akiuvuta kwa kuubana kwenye mkanda.

Akaweka kipande cha njano chumbani. Mkono wa kushoto ukaingia mfukoni. Redio ikaacha muziki ikaanza kusoma bei za mazao. Malkia akavuta pumzi, akawaita mababu zake wavuvi, akaunyanyua mkono wake wa kulia, mkono ule mgonjwa, ule uliolazwa juu ya mto.

Mkono ukapaa! Haukuishia kwenye duara. Ulilipita duara, ukalipita gunia, ukaipita pembe ya kichwa cha paa kilichotundikwa ukutani, ukaenda kusimama ukielekea bomba la joto darini, na Bi Ardith akiufuata kwa macho kama mtu aliyeachwa na basi.

"Bi Ardith," alisema Lyle, "bomba hilo nimelilipia."

"Sikuuambia uende huko!"

Akaushusha. Ukapaa tena, ila si sana. Mara ya tatu ulitii. Akalilenga duara jeusi, na tazama, bastola ikatulia. Redio ikasoma bei ya ngano, mkono umetulia. Ikasoma shayiri, ikasoma dengu, ikaingia kwa ng'ombe wa kunenepesha na ng'ombe waliokwisha nenepa. Mkono umetulia kama kigingi cha ua. Marvel alisogea karibu. Lyle alipunguza pumzi. Ikaja hali ya hewa, ambayo ilikuwa mbaya, na baada yake matangazo ya mazishi, na Bi Ardith, bila kushusha bastola, akasema, "Maskini, Alden amefariki," akaendelea kulenga.

Alipoishusha, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta pesa katika koti la zamani. "Nipe ya chuma," alisema.

"Ipi?"

"Ile nzito kuliko zote, Lyle, na usiniulize maswali."

Ikaletwa, ya chuma kitupu, ya wakia arobaini na mbili, pacha wa ile ya Einar. Akaitazama ndani, akatia kipande chake cha njano, akainyoosha. Redio ilikuwa imefika kwenye tangazo la matrekta. Matrekta yakaisha, ukaja wimbo mzima wa kuachwa na mke, na mkono wa Bi Ardith Kvamme haukushuka hata unene wa unywele.

"Kumbe mkono mzima!" alifoka Marvel, na katika sauti yake mlikuwa na hasira na furaha zimeshikana mashati. "Mimi nakuhurumia tangu jana! Nimekuombea, mwanamke wewe!"

"Asante."

"Naziondoa hizo sala."

Yule binti mpole Signe, aliyekuwa ameegemea magunia ya chakula cha mbwa, alikohoa na kutoka nje kutazama theluji.

"Basi imekwisha hiyo," alisema Lyle. "Huhitaji nyepesi. Una nguvu za kurudi kwenye ya mzee."

Hapa, enyi wasikilizaji, ndipo penye tendo lenyewe. Kwani mtu mwingine angechukua ushindi wake akaenda nyumbani. Bi Ardith alisimama mbele ya kaunta akizitazama bastola mbili, nzito na nyepesi, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi hakuwa na hofu, na asiye na hofu huanza kuona mambo madogo. Alikumbuka kishikio cha bastola ya Einar, alichokichonga mumewe kwa kisu ili kikae katika kiganja chake kipana. Jinsi yeye Ardith alivyokuwa akikijazia kipande cha kitambaa kila Alhamisi ili kisimzungukie. Jinsi alivyoubana ule mtambo kwenye mkanda. Hakuna siku aliyowahi kuichagua. Ilikuwa kabatini tu, naye alikuwa akimkumbuka mwenye nayo.

"Lyle," alisema, "nilikuja kuchukua nyepesi kwa kuwa nilidhani siwezi. Sasa najua naweza." Akaigusa ile nyembamba ya alumini. "Kwa hiyo naichukua kwa kuwa naipenda."

"Na ya Einar?" aliuliza Marvel, taratibu.

"Einar atapumzika. Alikuwa mtu wa kupenda kupumzika."

Serikali ikapigiwa simu kama sheria inavyotaka, ikaulizwa kama Bi Ardith Kvamme ni mhalifu. Nayo, bila kugusia jinsi anavyocheza karata, ikamruhusu. Bastola ikafungwa katika sanduku lake, na Marvel akatoka na gunia la chakula cha mbwa, kwani aibu nayo ina bei yake.

Hatimaye Alhamisi ikafika. Jiko likaunguruma chini ya ukumbi. Upawa ulikuwa kwenye msumari wake, umeng'arishwa kweli. Bi Ardith akachukua mstari wa tatu, Marvel wa nne, mikono mfukoni. Amri ikatolewa, zikalia zile sauti kavu ndogo kama vijiti vinavyovunjwa, harufu ya baruti ikachanganyika na ya mdalasini kutoka juu. Bastola nyepesi ilimsengenya kweli mwanzoni; ikamtoa nje ya duara, karibu na namba ya aibu. Akaikaripia kwa pumzi. Ikajirekebisha. Mzunguko baada ya mzunguko mkono ulinyooka, ukarudi, ukanyooka.

Kwa desturi ya Tolliver, karatasi yako huhesabiwa na adui yako. Marvel akaichukua ya Bi Ardith chini ya taa, miwani puani. Alijumlisha, akajumlisha tena. Walikuwa sawa kabisa, isipokuwa kwa tundu moja, lililokaa mpakani mwa tisa na kumi, likijifikiria. Likigusa mstari ni kumi, Ardith ameshinda. Lisipogusa ni tisa, sare, na jaji ni Marvel peke yake.

Marvel akatia katika tundu kipimo cha shaba chenye unene wa risasi, akainama hadi pua ikakaribia karatasi. Chumba kizima kikamngoja. Akakaa ameinama muda wa mtu kusali sala fupi na kuiondoa.

"Imelamba," alisema hatimaye. "Imelamba mstari, mshenzi wewe." Akamkumbatia.

Ndivyo ilivyoandikwa: kwa tundu moja, kwa unene wa ulimi wa siafu, Bi Ardith Kvamme alimshinda Marvel Stordahl, akaushinda uzee, akaushinda Upawa, na Tolliver yote ikala mchuzi. Kizazi hata kizazi watasimulia. Milima ilishuhudia. Hapa yakomea masimulizi ya mwandishi mwaminifu, ambaye hakuongeza wala hakupungu

"Signe."

"Naam, Bibi."

"Njoo hapa kwenye sinki."

Ni Ijumaa asubuhi, waungwana, na nilikuwa mezani jikoni nikimalizia sentensi ile ya mwisho. Bibi ameamua kulipika lile kopo. Amesema maharage yaliyomtesa vile hayastahili kuachwa hai. Ameyamimina kwenye beseni, na sauti iliyotoka si ya maharage.

"Haya ni maharage gani," anauliza, akinyanyua kitu kati ya vidole viwili, "yenye tundu katikati?"

"Labda ni mbegu mpya, Bibi."

"Yameandikwa saizi."

Anainama juu ya bega langu, anasoma daftari nililokuja nalo mkononi. Anasoma polepole, midomo ikicheza. "'Mpole kama maziwa ya uvuguvugu,'" anasema. "'Asiyejua hila.' Nani huyo?"

Basi ni mimi. Enyi wakuu wa majeshi na wapishi wao, ni mimi. Nati za trekta, kutoka makopo ya Babu kule karakana. Kila siku nilitoa konzi ya maharage nikafukia konzi ya nati, nikaacha maharage juu kama heshima. Mwanzo ilikuwa mzaha wa bwenini tu, wa kumwona akiilaumu nyumba. Kisha nikamsikia dirishani akizungumza na Babu, nikaenda kuzitoa, nikasikia viatu vyake, nikafunga kopo nikakimbia, na kila siku iliyofuata ikawa ngumu zaidi kusema. Nimemwambia yote hayo, nikitazama sakafu.

Amekaa chini kwenye kiti. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yakitikisika, mkono umefunika macho, kisha ikatoka sauti kama birika linaloguruma, na nikajua kwamba anacheka, na kwamba hatanyamaza upesi, na kwamba atampigia Marvel simu.

Amempigia Marvel simu. Nimemsikia Marvel kutoka upande wa pili wa jikoni.

"Shule inafunguliwa lini?" Bibi aliniuliza baadaye, akijifuta macho.

"Jumatatu. Si hii, ile nyingine."

"Basi Alhamisi moja ipo." Akanisukumia beseni. "Hizo nati usizirudishe karakana. Zirudishe kwenye kopo, zote, zimenifaa. Na Alhamisi, mchuzi wa watu wote utaugawa wewe. Mkono umenyooka, Signe. Wa pili mfukoni."